Muulize Fundi: Mashine haikaushi mbao

*Mashine ya CNC, ile ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, inauzwaje? (Nkuhungu)*

Mashine ipi? Ya meza ya futi 4 kwa 8, au ya kuchonga vibao vya majina? Umeme wako wa njia moja au tatu? Swali hili naletewa kila wiki, likiwa tupu hivihivi.

*Nimechonga milango sita ya msonobari kwa CNC, maua yametoka safi. Miezi miwili tu, paneli zimepasuka. Mashine imekosea wapi? (Kisasa)*

Mashine haina kosa. Mbao imeshushwa juzi kutoka Mafinga, bado inatoa maji, nawe ukaipandisha mezani jioni ileile. Kiangazi chetu Dodoma hakina mzaha: mbao inasinyaa kwa upana, na paneli uliyoigandisha kwa gundi pande zote haina pa kusogea. Ipange kivulini juu ya matofali, vijiti katikati ya kila safu. Chagua kipande kimoja, kipime kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi. Paneli ikae kwenye mfereji wa fremu bila gundi. Mteja wa Mtumba anataka Jumatatu? Mwambie ukweli. Mimi nilishawahi kurudishiwa meza ya mninga kwa haraka ya namna hiyo, nikaitengeneza upya bure.

*Kingo za MDF, bodi ya unga wa mbao na gundi, zinaungua. Nimepunguza mwendo, ndiyo kwanza zinazidi. (Kizota)*

Ndiyo, kwa sababu umepunguza mwendo. Biti (kisu kinachozunguka) ya makali mawili ikizunguka mara 18,000 kwa dakika na kusonga milimita 3,600, kila kali linamega sehemu ya kumi ya milimita. Ukishusha mwendo wa kusonga hadi milimita 900, halikati tena, linasugua. Angalia pia kama biti bado ina makali, maana gundi ya MDF inayala upesi.

Hukuniuliza, ila nakwambia: vumbi la mbao lilishathibitishwa kuleta saratani ya pua. Nunua kwanza mashine ya kunyonya vumbi, biti za maua baadaye.

*Mbona pembe za ndani zinatoka na duara?*

Biti ni ya duara. Chukua patasi.

*Sasa nina mashine. Nimwachishe kazi kijana wangu? (Chang'ombe)*

Bodi ya MDF ya milimita 18 inapita kilo 35, utaipandisha na nani? Kukata kumekuwa kwa dakika, lakini foleni imehamia kwenye msasa, kuunga na bawaba. Wenye karakana wengi wanamfukuza anayejua mbao, wanaajiri anayejua kompyuta tu. Nimeshika mguu wa kigoda uliochongwa hivyo: umepinda vizuri, umelainika, nyuzi zimepita kwa kukingama. Aliyekalia mara ya kwanza alianguka nacho. Kijana wako mfundishe kuchora kwenye kompyuta, atajifunza.

*Umeme ukikatika katikati ya kazi, naanzia wapi?*

Kwenye sifuri, yaani pale biti ilipoanzia, uliyoweka alama kabla hujawasha. Hukuweka? Bodi hiyo ifanye rafu ya stoo.