Chanjo haina kadi ya chama

Ndugu, umeuliza kama wanaokataa chanjo ni wapinzani tu. Hapana. Kumbuka 2021: Askofu Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM, aliipinga chanjo ya korona waziwazi, na Rais Samia, mwenyekiti wa chama hichohicho, akachanjwa hadharani Julai 28. Chama kimoja, misimamo miwili.

Huku Mtwara shida ni kukosa imani na serikali. Mwaka 2013 watu wa vyama tofauti walipinga bomba la gesi kwenda Dar, likajengwa. Msimu wa korosho wa 2018 serikali ilinunua yenyewe, wakulima wengi wakasubiri malipo mpaka wakachoka. Mtu aliyepitia hayo akiletewa kitu cha bure, lazima aulize kuna nini nyuma yake. Tusimwite mjinga.

Lakini mama huyohuyo aliyeikimbia chanjo ya korona, nenda kliniki asubuhi utamkuta kwenye benchi, kadi ya mtoto kaifunga kwenye nailoni isilowe, anasubiri mwanawe achomwe sindano ya surua. Hiyo anaijua tangu kwa mama yake, na nesi anamwita kwa jina.

Ninayohofia itakataliwa ni chanjo ya mabinti, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Uvumi kwamba inaleta ugumba hufika nyumbani kabla ya mhudumu wa afya. Na kwetu Wamakonde mjomba ana kauli kwa watoto wa dada yake, kwa hiyo akaelezwe mapema, kabla ya siku ya kuchanja shuleni.