Lenzi imekuja bila kukatwa kodi: bado unadaiwa

Mkuu, unaishi California, umeagiza lenzi ya dola 1,400 mtandaoni, muuzaji hakukukata kodi ya mauzo, sasa unauliza kama kuna unachodaiwa. Kipo. Kinaitwa kodi ya matumizi, jimbo hilo linayo tangu 1935, na kiwango chake ni kilekile cha kodi ya mauzo ya mahali unapokitumia kitu.

Mimi nilikuja kuijua nimeshachelewa. Nilinunua kamera ya dola 1,200 kwa muuzaji mdogo wa jimbo jingine. Kwenye risiti, sehemu ya kodi iliandikwa 0.00, nami nikafurahi nikidhani nimepata punguzo. Msimu wa kujaza fomu za kodi ulipofika, programu ikaniuliza kama kuna nilichonunua bila kukatwa kodi. Nikabofya "hapana" mbiombio, macho yakiwa kwenye marejesho tu. Miezi ikapita, kamera ikaharibika, nikaitafuta risiti kwa ajili ya dhamana. Ile sifuri ikanikodolea macho.

Nikasema si neno, nitarekebisha fomu. Wapi! Kodi hii hairekebishwi kwa fomu ya marekebisho ya kodi ya mapato. Unakwenda kwa CDTFA, idara ya jimbo inayosimamia kodi ya mauzo. Kiwango cha kwetu kilikuwa asilimia 8.75, nikatoa dola 105. Iliniuma, sikatai.

Wewe kama hujawasilisha una nafuu. Ni fomu 540, ile ya kodi ya mapato ya jimbo, mstari wa 91, na hauachwi wazi hata kama hudaiwi: unaandika sifuri. Vikorokoro vyako vya chini ya dola 1,000 kila kimoja vina jedwali linalokadiria kodi kwa kuangalia kipato, kwa hiyo huna haja ya kufukua baruapepe za mwaka mzima. Lenzi haiingii humo, ipigie hesabu yake peke yake. Kama kuna kitu ulikatwa kodi ya jimbo jingine, unaongezea tofauti tu.

Utaambiwa kwamba tangu hukumu ya Wayfair ya Mahakama ya Juu ya Marekani, 2018, iliyoruhusu majimbo kuwalazimisha hata wauzaji wasio na ofisi humo kukata kodi, kila duka linakata. Makubwa ndiyo. Ila muuzaji asiye na ofisi wala ghala California, ambaye mauzo yake humo hayazidi dola 500,000 kwa mwaka, kwa kawaida halazimiki. Wangu alikuwa mzee mmoja anayefungasha oda gerejini kwake.