Kabla ya Kumpa Mtoto Ufunguo wa Gari, Jikague Wewe Kwanza

Nimeshika usukani kwa zaidi ya miaka 20 bila kusababisha ajali, na kwa muda mrefu niliamini kwamba hilo pekee lilinitosha kuwa mwalimu wa binti yangu alipofikisha umri wa kujifunza udereva. Siku ya kwanza nilimketisha kiti cha abiria ili aone ninavyofanya. Nikamweleza kanuni ya sekunde mbili: chagua kitu kisichosogea kando ya barabara, kwa mfano nguzo, na gari lililo mbele likishakipita uanze kuhesabu, ukikifikia kabla ya sekunde mbili kuisha, basi umelikaribia mno. Akaanza kuhesabu kwa sauti, nguzo moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza, “Baba, mbona sijafika mbili hata mara moja?”

Sikuwa na jibu la maana. Nilijitetea kwamba foleni ilikuwa na haraka, jambo ambalo hata mimi sikuliamini. Jioni ile nilitambua kwamba mtoto huyu alikuwa mwanafunzi wangu tangu siku alipoanza kuketi kiti cha nyuma, na kwamba masomo niliyompa bila kufungua kinywa yalikuwa mengi kuliko yale niliyokuwa nimejiandaa kumpa. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba miezi michache kabla ya mtoto kuanza kujifunza, urudi shuleni wewe mwenyewe, ukajifunze upya udereva wa kujihami.

Udereva wa kujihami ni kuendesha ukitarajia kwamba mtu fulani mbele yako atakosea, ukajiwekea nafasi na muda wa kulimudu kosa lake. Dereva mgeni hushindwa kwa sababu hajui atazame wapi. Dereva mzoefu hushindwa kwa sababu ameacha kutazama, maana njia anaijua, gari analijua, na siku zote amefika salama. Ilinichukua muda kukubali kwamba miaka yangu bila ajali haikuthibitisha umahiri wangu peke yake. Huenda madereva wengine walikuwa wakiyafidia makosa yangu nami sikujua.

Umbali ule wa sekunde mbili una sababu. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 katika kila sekunde, na dereva aliye makini huhitaji takriban sekunde moja hadi moja na nusu kuona hatari, kuitambua na kuhamishia mguu kwenye breki. Kwa hiyo mita 28 hadi 42 zimekwisha kabla breki haijaanza kazi. Zaidi ya hapo, ukiongeza mwendo mara mbili, umbali ambao breki huhitaji kulisimamisha gari huongezeka takriban mara nne. Mvua ikinyesha mimi huhesabu hadi nne, na gari la nyuma likinibana huongeza nafasi ya mbele zaidi, ili nikilazimika kusimama nisimame taratibu naye apate muda.

Somo lililonifaa kuliko yote, na ambalo ningelichagua kama ningeruhusiwa moja tu, ni kusema kwa sauti unachokiona unapoendesha. Nilianza mwenyewe, huku binti yangu akinisikiliza: “Basi limesimama, natazama chini yake kama kuna miguu ya mtu anayetaka kuvuka. Gari lile limeegeshwa, lakini kuna mtu ndani na tairi lake la mbele limeanza kugeuka. Mpira umeingia barabarani, basi kuna mtoto nyuma yake.” Wiki ya kwanza nilijiona mpuuzi, na nikagundua nilikuwa nikikaa dakika nzima bila kuwa na la kusema, kwa kuwa macho yalikuwa wazi na akili iko kwingine. Yeye alipoanza kuendesha, nilimwachia aseme. Dereva mchanga hukazia macho mita chache mbele ya boneti, na maneno yake yatakufichulia hilo mapema kabla usukani haujakufichulia. Mwelekeze atazame mbali, pale atakapokuwa baada ya sekunde 10 au 12, kisha arudi kwenye vioo, na kabla ya kubadilisha njia ageuze kichwa, kwa sababu kuna eneo ambalo vioo havilioni na pikipiki hutoshea humo yote.

Mfundishe pia asiiamini taa ya kuashiria ya gari jingine. Taa ikiwaka ina maana taa inawaka, basi. Tairi na mwendo wa gari ndivyo vinavyosema ukweli.

Kuhusu kelele, nakiri nilikosea. Kila alipochelewa nilipiga ukelele “breki!” huku nikikanyaga sakafu ya upande wangu hadi kisigino kikaniuma, naye alishtuka na kukanyaga kwa nguvu mahali ambapo kuachia mafuta kungetosha. Niliacha kutoa amri na kuanza kuuliza mapema: “Makutano yale mbele, unaona nini?” Swali linaloulizwa mita 100 kabla ya hatari humfundisha, lakini amri inayotolewa mita 10 kabla yake humtisha tu.

Kuna mambo ambayo sisi wazoefu tunapaswa kuyaacha. Mimi nilifundishwa kupiga breki kwa kukanyaga na kuachia, na ushauri huo ulifaa magari ya zamani. Kwenye gari lenye ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu, dharura ikitokea unakanyaga kwa nguvu zote na kushikilia, huku ukiendelea kuongoza usukani. Pedali itatetemeka, na huo ni mfumo unafanya kazi yake. Mpeleke mtoto kwenye uwanja mpana usio na watu akaujue mtetemo huo, asije akakutana nao mara ya kwanza siku ya hatari na kuinua mguu kwa hofu.

Shirika la Afya Duniani linazitaja ajali za barabarani kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, na kwa vijana hatari hukua zaidi katika miezi ya mwanzo ya kuendesha peke yao, usiku, na gari linapojaa vijana wenzao. Ndiyo maana, hata baada ya kupata leseni, binti yangu hakubeba marafiki kwa miezi 6 ya kwanza. Alilalamika sana. Simu tuliikubaliana sote wawili kwamba inakaa mahali ambapo mkono haufiki, maana nisingeweza kumkataza huku nikisoma ujumbe kwenye foleni. Tulikubaliana pia kwamba akichoka, au akijikuta na dereva asiyemwamini, anipigie saa yoyote nimfuate, na maswali yangoje asubuhi. Amewahi kupiga mara moja, saa 8 za usiku, nami nilikwenda.

Juzi nilikuwa abiria wake kwenye barabara kuu. Gari moja lilichomeka mbele yetu ghafla na kuimeza nafasi yote aliyokuwa ameiacha. Mkono wangu ulikuwa tayari unaelekea kwenye honi isiyo yangu. Yeye aliachia mafuta, akalisubiri lile gari lipite nguzo iliyofuata, akaanza kuhesabu upya.