MGB ya 1969: pampu ya petroli ihamie wapi?

Swali: Nina MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya mwaka 1969 yenye kabureta mbili za kampuni ya SU, niko Nairobi. Pampu ya petroli imefungwa chini ya gari, mbele ya gurudumu la nyuma la kulia. Nikipita kwenye maji au barabara ya vumbi, haziishi siku nyingi inanyamaza na gari linazima. Nikiigonga kidogo inafufuka. Fundi wangu anataka kuihamishia mbele karibu na kabureta ili iwe rahisi kuifikia. Rafiki yangu anasema niiweke kwenye buti. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu, msikilize rafiki yako, ila nusu yake. Kinachofaa kuingia kwenye buti ni kichwa cha umeme cha pampu peke yake, maana ndicho kinachoumizwa na maji na vumbi. Upande unaopita petroli, pamoja na viungo vyake vyote, ubaki nje ya buti. Hata MGB za miaka ya mwisho zilitoka kiwandani Abingdon, Uingereza, zikiwa hivyo, kichwa cha pampu kikichungulia ndani ya buti, kwa hiyo huendi kinyume na waliolitengeneza gari.

Fundi wako hakubuni. MG za zamani kama TC zilikuwa na pampu kwenye ukuta wa chumba cha injini. Lakini hiyo ilikuwa pampu nyingine, ya kuvuta. Yako ni ya SU pia, aina ya AUF 300, iliyotengenezwa kukaa karibu na tenki na kusukuma. Ukiipeleka mbele, bomba lote refu kutoka nyuma linakuwa upande wa kuvutwa, na petroli inayovutwa huchemka kwa joto dogo kuliko inayosukumwa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo, na hilo linazidisha tatizo. Ukiongeza joto la injini, bomba linajaa mvuke badala ya petroli: pampu inapiga mbio, kabureta hazipati kitu, na gari linakufa kwenye foleni mchana.

Kabla ya kutoboa bodi, hakikisha ugonjwa ni huo. Siku pampu ikinyamaza, usiigonge kwanza. Fungulia ufunguo bila kupiga stata, kisha pima volti kwenye waya mweupe ulioungwa kwenye pampu, mguu mmoja wa mita ukiwa kwenye chuma safi cha bodi. Pasipo umeme, tatizo liko kwenye waya, na kuhamisha pampu hakutasaidia. Umeme ukiwepo, hamisha mguu wa mita kutoka bodini uushike kwenye waya mweusi wa pampu. Usomaji ukishuka, arthi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) ina kutu. Yote yakiwa sawa na pampu bado kimya, fungua kofia ya plastiki uangalie pletini, yaani vidonge vya chuma vinavyogusana na kuachana kuwasha na kuzima umeme wa pampu. Pletini nzima zina rangi ya chuma inayong'aa kidogo. Zilizoingiwa na unyevu zina ukungu wa kijivu, na zilizoungua zina kishimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili. Za ukungu zisafishe kwa kuvuta kipande cha karatasi ngumu katikati yake. Zenye kishimo badilisha seti nzima, kwa sababu msasa huziharibu sura na zitaungua tena upesi.

Sasa kazi yenyewe. Acha petroli kidogo kwenye tenki, chini ya robo, la sivyo ukichomoa mpira wa kuingilia itakumwagikia kwenye mikono. Ondoa nyaya za betri. Gari lako lilitoka na betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na ya kulia iko jirani kabisa na pampu, spana moja ikiteleza inatoa cheche. Fanyia kazi mahali penye hewa, kizima moto cha unga kiwe pembeni, na taa iwe ya LED, kamwe isiwe ya balbu ya kioo.

Pampu ikae upande uleule wa kulia, kwa sababu bomba la kwenda mbele liko huko na egzosi iko kushoto. Chagua sehemu kwenye ukuta wa mbele wa buti, pembeni kulia, kisha ingia chini ya gari uhakikishe hakuna nyaya nyuma yake na ekseli ikipanda haitagusa kitu. Pima kipenyo cha koili (silinda ya kichwa cha umeme) ikiwa imevaa mpira wake, toboa kwa msumeno wa kutobolea matundu unaofungwa kwenye drili, laini kingo kwa tupa, paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili na usubiri ikauke. Mpira huo ni wa lazima. Bila mpira buti zima linageuka ngoma, na mtikisiko unakata chuma polepole.

Pampu ilale, koili iwe sambamba na ardhi, mdomo wa kutolea petroli ukiwa juu ili hewa ipate njia ya kutoka. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaigeuza ili mipira ifike vizuri, kisha wanalaumu pampu kwa kuchelewa kujaa. Midomo yenyewe inazunguka ukilegeza skrubu mbili za bamba linaloishika, kwa hiyo zungusha midomo, usigeuze pampu. Weka ringi mpya za mpira ukifungua.

Mipira iwe ya milimita 8 yenye alama ya SAE J30 R9 (kiwango cha mipira ya petroli), na klipu ziwe za mviringo kamili zenye kingo laini, zisizokata mpira. Chujio laini la karatasi usiliweke kati ya tenki na pampu. SU ina kichujio chake kwenye mdomo wa kuingilia, na chujio laini upande wa kuvuta linaikaba. Liweke mbele, baada ya pampu.

Usisahau vipumulio, yaani matundu ya hewa. Pampu ina kimoja kwenye kofia na kingine kwenye mwili, karibu na diaframu (ngozi inayosukuma petroli). Diaframu ikipasuka, petroli hutokea kwenye hicho cha mwilini. Kiunganishe na mpira mwembamba unaopanda juu kidogo, kisha ushuke kutokea nje ya gari, mbali na egzosi. Ukiuacha wazi ndani ya buti umejiwekea bomu.

Umeme wa pampu kwenye gari lako haukupita kwenye fyuzi. Rekebisha hilo sasa. Weka fyuzi ya ampea 10 pale mbele waya mweupe wa kwenda nyuma unapoungwa, na hapo hapo ongeza swichi ya mgongano inayokata umeme gari likigonga. Arthi mpya iwe waya wa 1.5 mm² hadi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ukinunua pampu mpya isiyo na pletini, kumbuka gari lako la 1969 ni la hasi kwenye bodi, yaani nguzo hasi ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Ukikosea nguzo unaiua papo hapo. Kichwa kilichomo kwenye buti kifunike kwa bamba, spea tairi lisije likakipiga.

Jaribu kabla ya kushusha gari. Chomoa mpira kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, fungulia ufunguo: upate karibu nusu lita kwa sekunde 30. Rudisha mpira na usikilize. Tik-tik inaanza haraka, inapungua, inanyamaza kabureta zikijaa. Ikiendelea mbio bila kujaza, kuna hewa inayoingia upande wa tenki. Ikipiga mara moja moja kila baada ya sekunde chache, injini ikiwa imezimwa, kuna uvujaji au sindano inayofunga petroli kwenye kabureta haifungi. Na gari likizima baada ya mwendo mrefu, ukafungua kifuniko cha tenki ukasikia hewa ikivutwa ndani, zibua tundu la kifuniko, pampu haina kosa. Baada ya kilomita mia moja, rudi uzikaze klipu zote, maana mpira mpya hulegea ukishazoea mahali pake.