Kamkejeli Mtume kwenye grupu la kazini, nami nikamtukania dini yake. Je nimekosea?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Grupu letu la kazini lina watu wa dini tofauti. Juzi jamaa mmoja Mkristo akaposti picha ya kumkejeli Mtume wetu (s.a.w.), anasema utani. Damu ikanichemka, nikaitukana ibada yao na viongozi wao wa dini kwa maneno ambayo naona aibu kuyarudia hapa. Skrinishoti imezunguka kila mahali. Waislamu wenzangu wengine wananisifu wanasema hiyo ndo ghera, yaani wivu wa dini, na wengine wanasema shida yote ni hii serikali sekula, yaani isiyofungamana na dini, inayoruhusu kila kitu na kwamba Mwislamu akiridhika kuishi chini yake basi imani yake ina walakini. Je nimekosea? Nimpeleke polisi? Na hii sekula tuichukulieje?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wabarakatuh. Pole sana ndugu yangu, na nianze na hiyo pole kwa sababu naona watu wamekusifu na watu wamekulaumu ila sijaona aliyekupa pole. Kuumia kwako sio dhambi. Mtu akiona Mtume wake anachezewa na asisikie chochote moyoni, huyo ndo ajiangalie. Mtume mwenyewe aliumia, Allah anamwambia kwenye Suratul Hijr kwamba Anajua kabisa kifua chake kinabanwa na hayo wanayoyasema, alafu aya inayofuata haimwambii nenda kawarudishie, inamwambia mtakase Mola wako kwa kumsifu na uwe katika wanaosujudu. Yaani uchungu umekubaliwa, na umepewa pa kwenda, ni kwenye sijda.

Sasa wewe uchungu wako uliupeleka kwenye kibodi, na hapo ndo umekosea, nakwambia wazi bila kuzunguka kwa sababu umeuliza kwa nia njema. Aya ya 108 ya Suratul An'am inatukataza kuwatukana hao wanaoabudiwa badala ya Allah, na sababu imetajwa hapohapo, wasije wakamtukana Allah kwa uadui bila ujuzi. Hebu iangalie vizuri hii aya. Wanaozungumziwa ni masanamu ya Makureshi, kabila lililotawala Makka, vitu ambavyo kwetu havina heshima yoyote, na bado tukaambiwa ulimi ukae. Kwa nini? Manake Allah anajua tusi likitoka halisimami pale ulipolitupia, linageuka linarudi, na likirudi linakuja kwa kile unachokipenda zaidi. Mtume (s.a.w.) akasema katika madhambi makubwa ni mtu kuwatukana wazazi wake, masahaba wakashangaa, mtu anawatukanaje wazazi wake? Akawaambia, anamtukana baba wa mwenzake, na mwenzake naye anamtukana baba yake. Hukumu imekwenda kwa aliyefungua mlango. Najua utasema aliyefungua ni yule jamaa, ni kweli, na yake ataulizwa yeye, lakini wewe uliongeza mlango wa pili.

Na tufikirie na matokeo yake. Ile picha pengine wangeiona watu wa grupu tu na kesho yake imeshazikwa na meseji za kazi, ila kwa jibu lako skrinishoti ikaanza kuzunguka, na kila anayeisambaza inabidi aioneshe na picha ili watu waelewe ugomvi ulianzia wapi. Maana yake waliomwona Mtume wetu akikejeliwa wameongezeka kwa sababu ya mtetezi wake. Wallahi hili linaniuma kuliko tusi lenyewe, na sio lako peke yako, tumeliona kwa ukubwa wa kutisha. Tarehe 7 Januari 2015 pale Paris watu wawili waliingia kwenye ofisi za gazeti la vikatuni wakasema wanamlipizia Mtume, wakaua watu 12, na mmoja wa hao waliouawa alikuwa askari polisi Mwislamu. Gazeti lenyewe kawaida lilikuwa linachapa nakala kama 60,000 tu. Toleo lililofuata, lenye kikatuni kingine, lilichapwa zaidi ya nakala milioni 7. Damu zimemwagika, Mwislamu kauawa, na kejeli imezidi mara mia. Huyo ndo Mtume aliyetetewa?

Ghera tuipime kwa Mtume mwenyewe sio kwa wanaotupigia makofi kwenye komenti. Kundi la Mayahudi liliingia kwake likasema "as-saamu alaykum", wanakunja ulimi lisikike kama salamu kumbe wanamwombea kifo. Mama Aisha, mke wa Mtume, akawaelewa akawarudishia, kifo na laana ziwe juu yenu. Nani ana ghera kumzidi Aisha? Lakini Mtume akamwambia taratibu ewe Aisha, Allah anapenda upole katika mambo yote. Akasema hukuona kwani mimi nimewajibu, nimesema "wa alaykum", na nanyi pia. Basi. Neno moja, halina tusi, na heshima yake haijapungua hata punje. Na Makureshi walipokuwa wanaligeuza jina lake wanamwita Mudhammam, mwenye kulaumiwa, aliwaambia masahaba hamuoni ajabu Allah anavyoniepusha na matusi yao, wao wanamtukana Mudhammam na mimi ni Muhammad. Hakulipokea tusi lile, ndugu yangu, alilikuta liko mlangoni kwake akaliacha hapohapo mlangoni.

Nikija kwenye hili la sekula, hapa nataka tukae kidogo kwa sababu naona vijana wengi wanavurugwa. Ukitaka kulielewa rudi Uhabeshi, upande wa Ethiopia ya leo, kwenye mwaka 615. Waislamu wanateswa Makka, Mtume anawaambia nendeni kwa mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu, na mfalme huyo, Najashi, wakati huo ni Mkristo na ufalme wake wa Kikristo. Makureshi wakatuma watu kuwarudisha, akiwemo Amr bin Al-As kabla hajasilimu. Siku ya kwanza ikashindikana. Usiku Amr akapata wazo, kesho nitamwambia mfalme kwamba hawa watu wanasema neno zito kuhusu Isa, wanasema ni mja. Umeliona alichotaka kufanya? Hakuwa na uchungu wowote na Isa yule bwana, alikuwa mwabudu masanamu, alitaka tu kuwasha moto kwa kuchokoza imani ya watu wengine ili wenye nchi waudhike na Waislamu watupwe nje. Watu wa namna hiyo mpaka leo wapo na safari hii wana simu.

Masahaba wakashauriana, tutasema nini? Wakakubaliana watasema alichosema Allah, liwalo na liwe. Jaafar bin Abi Talib akasimama mbele ya mfalme na makasisi wake akasema Isa ni mja wa Allah na Mtume wake na roho itokayo Kwake na neno Lake alilompa Maryam bikira. Makasisi wakaguna kwa kuudhika. Najashi akaokota kijiti akasema Isa hazidi hayo uliyosema hata kwa kiasi cha kijiti hiki, akawaambia wakuu wake hata mkiguna. Alafu akawaambia Waislamu nendeni mko salama kwenye nchi yangu, atakayewatukana atatozwa faini.

Nimeisoma hii habari mara nyingi sana na kila nikiisoma naona majibu ya maswali yako yote matatu yamo humo. Jaafar alisema jambo lililowaudhi wenyeji wake, na alilisema kwa adabu, bila kejeli, akaachiwa aliseme. Makasisi waliudhika, na kuudhika kwao hakukufanywa sababu ya kumfunga mtu. Ila kumtukana mtu kwa ajili ya dini yake, hilo likapewa faini. Kukanusha itikadi ni kitu kimoja na kumdhalilisha mwenye itikadi ni kingine, mfalme yule alijua kutofautisha, sisi na simu zetu mkononi tunashindwa.

Wanaosema serikali ipige marufuku kila neno linaloudhi dini wajiulize kwanza sisi tunasema nini. Tunasoma Suratul Ikhlas kila siku, hakuzaa wala hakuzaliwa. Tunasoma Suratu Maryam pale inaposema mbingu zinakaribia kupasuka kwa wao kudai Mwingi wa Rehema ana mwana. Jirani yetu Mkristo akisikia tafsiri ya hiyo aya anasikia imani yake ikikanushwa toka kwenye mzizi, na inamuuma kama unavyoumia wewe. Kipimo kikiwa ni kuudhika tu basi wa kwanza kupelekwa mahakamani anaweza akawa imamu wako. Na sheria za namna hiyo zina tabia ya kulinda mwenye nguvu. Uingereza kulikuwa na sheria ya zamani ya kukashifu dini, Waislamu wakaenda mahakamani wakitaka iwalinde na wao, mwaka 1990 mahakama ikawajibu kwamba sheria hiyo inalinda Ukristo tu. Mwaka 2008 ikafutwa England na Wales kwa wote, na tayari 2006 ilishapitishwa nyingine inayozuia kuchochea chuki kwa maneno ya vitisho dhidi ya watu kwa sababu ya dini yao. Wametoka kulinda dini wakaja kulinda watu. Hata nchi za Kiislamu kupitia jumuiya yao ya OIC zilipeleka hoja ya kuzuia kashfa dhidi ya dini Umoja wa Mataifa toka 1999, na mwaka 2011 ndo wakaafikiana na wengine kwenye azimio namba 16/18 ambalo linazungumzia kupambana na ubaguzi na uchochezi dhidi ya watu kwa ajili ya dini zao. Mimi naona ni karibu zaidi na ile faini ya Najashi.

Sekula zenyewe sio moja. Marekani toka 1791 katiba inaizuia serikali kuweka dini ya taifa na inaizuia pia kuingilia ibada za watu. Ufaransa walitenganisha dini na dola kwa sheria ya 1905, na 2004 wakaenda mbali mpaka binti wa Kiislamu anavuliwa hijabu kwenye mlango wa shule ya serikali. Hii ya pili mimi siitetei, serikali ikishaanza kumchagulia mtu nguo ya kichwani kwa sababu ya imani yake imeshatoka kwenye kutofungamana na dini, imechukua upande. Kwa hiyo usiseme naipenda sekula au naichukia sekula kwa jumla, uliza hii inanifanyia nini, naswali? nafunga? naoa kwa dini yangu? nasema ninachoamini bila kuogopa? Hayo yakiwepo una neema ambayo Bilal, mtumwa aliyeteswa kwa kusilimu, hakuwa nayo Makka.

Na huyo aliyesema imani ya anayeishi chini ya serikali kama hiyo ina walakini, mwambie Jaafar na wenzake walibaki Uhabeshi mpaka mwaka wa 7 wa Hijra, mwaka 628, wakati Mtume ana mji wake Madina toka 622, na hakuna aliyewaambia imani zenu zimepungua. Atakuambia Najashi alisilimu. Sawa, sisi tunaamini hivo na Mtume alimswalia alipofariki, lakini ufalme haukubadilika, sheria zake zilibaki za watu wake. Tena Mtume alivyofika Madina aliandikiana mkataba na makabila ya pale na ikaandikwa humo kwamba Mayahudi wana dini yao na Waislamu wana dini yao. Kuishi na mtu anayekataa unachoamini, kwa ahadi, mbona ni jambo la mwanzo kabisa kwenye historia yetu.

Kuhusu polisi. Yule jamaa angetishia watu, au angehimiza wafanyakazi Waislamu wapigwe au wafukuzwe, ningekuambia nenda leo na ushahidi wako. Kwa picha ya kijinga ya mara moja naona kuna njia kabla ya hiyo, na ukienda jua kwamba na maneno yako yatasomwa mezani. Na kukusanya vijana wakamfuate nyumbani, hilo ni haramu, sitaki hata tulijadili.

Nikuambie kitu. Nilipokuwa kijana nilikuwa nasimama kwenye mihadhara nakejeli imani za watu, watu wanacheka na kupiga takbira, naona nimefanya jihadi. Siku moja mzee wa Kikristo aliyekuwa ananijua toka mdogo akaniambia mwanangu, ungenikanusha tu ningekusikiliza mpaka mwisho, ila ulivyonicheka nikaondoka. Sijawahi kulisahau lile neno na namwomba Allah anisamehe kwa kila aliyeondoka hivyo.

Basi fanya hivi. Futa ulichoandika. Kwenye grupu hilohilo andika kwamba picha ile imekuumiza kwa sababu unampenda Mtume wako, na kwamba maneno uliyoyajibu hayakuwa sahihi na unawaomba radhi Wakristo wote waliomo kwa sababu wao hawakukukosea. Uchungu wako usiuombee radhi, uombee radhi tusi tu. Alafu mtafute yule jamaa uso kwa uso sio kwa meseji, mwambie ilivyokuuma, wengi hawajui kabisa kwamba sisi Mtume tunampenda kuliko wazazi wetu, wanadhani ni kama kumtania mwanasiasa. Akirudia, toka kwenye mazungumzo yale, aya ya 140 ya Suratun Nisaa inakuambia usikae nao mpaka waingie kwenye mazungumzo mengine, na angalia, imesema mpaka, haijasema usirudi kabisa. Zima sauti, au toka, na umwambie bosi kwa maandishi.

Na hao wanaokusifu, waombe wafute ile skrinishoti kwenye simu zao, picha yenyewe na jibu lako vyote viwili. Wallahu aalam.