Kwa Dada wa Wete Aliyeniuliza Dawa ya Kupunguza Mwili

Wiki iliyopita dada mmoja wa Wete, aliyeniona harusini, aliniandikia akitaka nimtajie dawa niliyokunywa hata nikapungua mwili. Dada yangu, sikunywa dawa yoyote, na kwa kuwa najua si wewe peke yako unayeuliza, nakujibu mbele ya wote.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kituo cha afya kwa maumivu ya magoti. Muuguzi alinipandisha kwenye mizani, akanipima urefu, kisha akatangaza kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la wagonjwa: "Kilo 84! Mama, umezidi wewe." Benchi zima likanigeukia. Hakunieleza nimezidi kwa kiasi gani wala nifanye nini, na hilo linaniuma hadi leo.

Jibu nililitafuta mwenyewe usiku ule, kwa kalamu na daftari la mwanangu. Kipimo ambacho hospitali hukiita BMI hupatikana kwa kuzidisha urefu wako wa mita kwa urefu huo huo, kisha kugawa kilo zako kwa jawabu hilo. Urefu wangu ni mita 1.58, nikapata 33.6, nikairudia hesabu mara tatu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtu mzima huwa salama baina ya 18.5 na 24.9, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Hesabu hiyo, iliyoasisiwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, haitofautishi misuli na mafuta, wala haimfai mjamzito, kwa hiyo pimeni na kiuno pia: kwa mwanamke, kikizidi sentimita 80 ajihadhari, kikizidi 88 hatari imekuwa kubwa.

Asubuhi yake nilifanya jambo ambalo nakusihi ulifanye. Nilikuwa nikinywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vinne vya sukari. Nikavipima vijiko vyote 16 juu ya sahani nyeupe, na nilipoitazama ile sukari imelundikana, nikakaa chini. Tangu siku ile nakunywa chai ya mdalasini na iliki bila sukari. Wali wa nazi sikuuacha, ila badala ya pawa tatu napakua mmoja, na sahani naijaza mchicha na samaki wa kuchoma. Hata Ramadhani, muhogo wa nazi naula kidogo na tambi za sukari nawaachia watoto. Baada ya sala ya alfajiri natembea hadi uwanja wa Gombani na kurudi. Ilichukua miezi 14, na leo nina kilo 61, yaani 24.4, nami najivunia kila kilo iliyotoka.

Lakini ujitayarishe kwa maneno. Kwetu mwanamke akinenepa huambiwa kanawiri, akipungua huulizwa kuna nini nyumbani kwake. Shangazi yangu alidhani naumwa nikamficha. Wanawake wenzangu, tusiache maneno ya harusini yatupeleke kwenye kisukari na presha, na tusinunue majani na vidonge vya kupunguza mwili ambavyo muuzaji mwenyewe hajui vina nini.

Basi dada wa Wete, simama leo bila viatu, mgongo ukutani, mtu akuwekee alama juu ya kichwa, kisha niandikie urefu na kilo zako tuifanye hesabu pamoja.