Maswali ya Wasomaji: Vipimo vya Fuwele Kimiminika Vinapozidi

Swali (fundi wa maabara, Mbeya): Napima mabadiliko ya hali ya 8CB, fuwele kimiminika (dutu inayotiririka huku molekuli zake zikiwa na mpangilio), chini ya hadubini yenye polaroidi mbili (vichujio vya mwanga). Kitabu kinasema huyeyuka nyuzi 21.5, tabaka za molekuli huvunjika 33.5, na ukungu hutoweka 40.5 ikawa kimiminika angavu. Mimi napata 22.8, 35.5 na 42.9. Napasha polepole sana, na nikipoza, mabadiliko mawili ya juu yanatokea palepale. Kihisi joto nilikipanga kwa barafu na maji yanayochemka. Je, kemikali yangu imechafuka?

Jibu: Kemikali yako ni nzima. Uchafu wa kawaida, kama masalia ya asetoni, hushusha viwango, tena ungeona matone ya kimiminika angavu yakichanganyika na ukungu kwa nyuzi nzima au zaidi. Ungekuwa unapasha haraka mno, namba zingezidi wakati wa kupasha na kupungua wakati wa kupoza.

Hebu gawanya: 22.8 kwa 21.5, 35.5 kwa 33.5, 42.9 kwa 40.5. Mara zote unapata 1.06. Kosa linalokua kwa uwiano mmoja hutoka kwenye kipimo chenyewe, na hapa limetoka kwenye sufuria. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari. Maji huchemka karibu nyuzi 94.5, wewe ukaandika 100. Gawanya 100 kwa 94.5 uone.

Usihangaike na maji ya kuchemka. Sifuri ichukue kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, ukikoroga. Kwa upande wa juu, tumia kipimajoto cha homa cha kidijitali. Eneo lake ndilo hasa unalolihitaji. Kifunge kwa uzi, ncha yake igusane na kihisi, uvitumbukize kwenye kikombe cha maji ya nyuzi 41, ukoroge, na usome maji yanapopoa kupitia 40, 38 na 36. Angalizo: kipimajoto cha homa hushikilia kiwango cha juu kabisa kilichofikia, kwa hiyo kizime na kukiwasha upya kila unaposoma. Wengi hunaswa hapo.

Kuyeyuka kusome wakati wa kupasha tu. Ukipoza, 8CB inaweza kubaki na tabaka zake chini kabisa ya 21.5 bila kuganda. Na chupa ikikutwa nyeupe na ngumu asubuhi ya Julai, haijaharibika: ipashe hadi nyuzi 45 yote iwe angavu, itikise, ndipo uchukue sampuli.

Swali (mwanafunzi, Iringa): Kwenye grafu yetu ya joto dhidi ya muda kwa 8CB, kuyeyuka kunaonekana wazi, lakini kwenye 33.5 mstari unapita tu. Hilo nalo ni badiliko la hali kweli?

Jibu: Ni badiliko kamili, ila halidai joto fiche (joto linalomezwa bila nyuzi kupanda) la kuonekana. Katika hali ya smektiki A molekuli zimesimama wima ndani ya tabaka zenye unene wa nanomita 3.2 hivi, ingawa molekuli moja haifiki hata nanomita 2.5, zinapishana mbilimbili, vichwa vikielekea pande tofauti. Joto likikaribia 33.5 mpangilio wa tabaka hufifia kidogokidogo hadi kwisha, na hali ya nematiki inabaki na mwelekeo bila tabaka. Hakuna mruko, basi hakuna ngazi kwenye grafu.

Mwanafizikia McMillan alikadiria mwaka 1971 kwamba uwiano wa joto la kuvunjika tabaka kwa joto la kutoweka ukungu, kwa kelvini (nyuzi jumlisha 273.15), ukizidi 0.87 mruko utatokea. 8CB ina 306.65 kwa 313.65, yaani 0.98, na bado vipimo makini sana vya joto havijaonyesha mruko. Kanuni hiyo ichukulieni kama dira tu. Mkitaka ngazi, tafuteni 10CB, ndugu wa 8CB: haina nematiki kabisa, tabaka zake huvunjika moja kwa moja kuwa kimiminika cha kawaida.

Kwa 8CB acheni grafu, tazameni hadubini mkipoza sehemu ya kumi ya nyuzi kwa dakika. Nematiki humetameta bila kutulia kwa sababu mwelekeo wa molekuli unayumba. Tabaka zikijipanga, kumetameta hukoma ghafla. Joto la wakati huo ndilo mnalolitafuta. Uwanja ukiwa mweusi tii, molekuli zimesimama wima juu ya kioo: bonyezeni kifuniko kwa sindano, nematiki itatoa mmweko wa mwanga.

Swali (Njombe): Skrini ya mita yangu ya sola huwa nzito alfajiri. Imeingia kwenye hali ya tabaka?

Jibu: Hapana. Mchanganyiko wa fuwele kimiminika ndani ya skrini hutengenezwa ubaki nematiki hata chini ya sifuri. Baridi huuongezea unato tu, molekuli zikachelewa kugeuka; jua likichomoza itakuwa sawa.